Vyumba Ndani ya Unga

Tarehe 11 Februari

Dada yangu mpendwa,

Naanza na salamu, maana najua usipozikuta hapa juu utaikunja barua na kumwambia shemeji kwamba masomo yamenimaliza adabu. Hamjambo nyote? Mgongo wako je? Na ile mashine ya kufulia iliyokuwa ikitembea chumba kizima kama mlevi, shemeji amefanikiwa kuituliza? Baba mdogo mwambie nimemsikia, miwani yake nitamtafutia.

Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha karatasi, na jirani wa chini bado anajifunza tarumbeta. Maabara inaenda. Nakula vizuri, usiulize.

Utasema mbona sikupiga simu. Simu zetu unazijua: tunaulizana hali, tunajibizana "nzuri", halafu kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau lazima niseme kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Naomba unitumie sweta ya Mama, ile ya kahawia yenye vifungo viwili visivyofanana na vingine, aliyokuwa akiivaa akienda kufundisha. Mwezi ujao unatimia mwaka tangu atutoke, na mimi sikuwepo kumzika. Sirudii habari za kibali changu cha kuishi huku, jinsi kilivyokuwa kikisubiri muhuri na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Unazijua. Hukunilaumu, na huko kutolaumiwa nako kunauma. Ninachotaka ni harufu yake tu. Mafuta ya nywele, peremende za mnanaa alizokuwa akimung'unya darasani huku akiwakataza watoto, na ile harufu nyingine ya shingoni ambayo haina jina.

Wewe ndiye uliyeniita Pua, kwa sababu sikuwa nikila kitu bila kukinusa kwanza. Sasa pua yenyewe imeanza kusahau. Wiki iliyopita nilikaa kitandani nikajaribu kuikumbuka harufu ya Mama, nikapata sabuni ya kwenye hili jengo. Nililia, Dada, sikufichi.

Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uitume kwa posta.

Mdogo wako,
Pua

*

Tarehe 9 Machi

Pua,

Salamu zako zimefika na kila mtu amepewa fungu lake. Baba mdogo anasema miwani iwe na fremu nyeusi, isije ikawa ya kike. Shemeji yako aliifunga mashine sakafuni kwa nati nne. Sasa haitembei tena, inaruka. Mgongo wangu ni mgongo wa dobi, uuache kama ulivyo. Hoteli ya pale kona imeanza kuniletea mashuka yake yote, kwa hiyo chumba cha mbele ni mvuke kuanzia asubuhi. Mteja akiingia simwoni mpaka akohoe. Watoto wa jirani bado wananiita Bi Limau, kwa vile nikimaliza kazi najisugua mikono kwa limau kuondoa ukali wa dawa ya madoa. Nimezoea. Nikiitwa kwa jina langu nageuka kumtafuta mwenyewe.

Sasa sweta. Haiendi popote.

Usininunie. Posta hawa ndio walionipotezea viatu vya harusi, mguu mmoja ukafika na mwingine mpaka leo sijui unavaliwa na nani. Nguo za Mama zote ziligawiwa, mimi nikaomba hiyo moja, nikapewa. Iko kwangu, iko salama, na haitapanda ndege peke yake wakati kuna mtu mzima mwenye miguu miwili anayeweza kuja kuinusa hapahapa. Kibali si ulishapata? Basi unangoja nini?

Kaburi tulilijengea mwezi uliopita. Nilitaka uwepo. Sikukwambia kwa sababu ungesema jaribio halijaisha, na mimi ningesema haya, na tungepumuliana kwenye simu.

Halafu nieleze hiyo kazi yako ni kazi gani. Watu wakiniuliza nasema mdogo wangu ni mkemia, nao wananiomba niwaulizie dawa ya chunusi.

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili

Dada yangu mkali,

Habari za siku nyingi? Namshukuru shemeji kwa kazi ya nati, na namwombea mashine isije ikaruka na yeye. Miwani nimeipata, nyeusi tii, Baba mdogo atafanana na hakimu.

Umeuliza kazi yangu, nami nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kukueleza bila kukusinzisha. Tunatengeneza unga mweupe. Ukiuona utadhani ni wanga wako wa kukazia kola. Lakini kila punje ya unga huo ni jengo. Nguzo zake ni vichembe vya zinki, kati ya nguzo na nguzo kuna maboriti ya kaboni, na katikati vimebaki vyumba vitupu, vidogo kiasi kwamba molekuli moja ya harufu ikiingia chumba kimejaa. Ungeweza kuzikunjua kuta zote zilizomo kwenye kijiko kimoja cha unga huo, zingefunika kiwanja cha mpira na kubaki.

Mimi naangalia wageni wanavyotembea humo ndani. Naingiza mvuke au harufu fulani upande mmoja, halafu napima inavyopenya. Hakuna anayezisukuma, Dada. Kila molekuli inahangaika tu, mbele, nyuma, pembeni, haijui iendako, na bado baada ya muda unazikuta zimefika mpaka chumba cha ndani kabisa. Nyingine zinapita mlangoni bila kugusa. Nyingine zinajigeuzageuza kama watu wanaoingiza kochi. Na nyingine zikikipenda chumba zinaganda ukutani, zilizo nyuma zinabaki kusubiri. Nimekaa na kitu hiki miaka minne na bado nakishangaa.

Sasa sikiliza. Kama sweta haiwezi kusafiri, basi isafiri harufu. Kwenye kifurushi hiki kuna chupa, ndani yake kifuko cha kitambaa chenye unga. Nimeupasha moto hapa mpaka vyumba vyote vikawa vitupu, ndipo nikaifunga chupa. Chukua kopo kubwa lenye mfuniko, tia sweta, juu yake weka kifuko, funga, uache mwezi mzima. Harufu itatoka kwenye sufu, itaingia kwenye unga. Kisha rudisha kifuko chupani, funga kwa nguvu zako za dobi, unitumie. Huku nitaupasha moto taratibu na Mama atatoka. Nawe utabaki na sweta yako.

Kuja, tutaona. Kuna jaribio nimelianza ambalo haliachiki katikati.

Pua

*

Tarehe 20 Mei

Pua wa Mama,

Sisi hatujambo. Chupa ilifika sanduku lake likiwa limefunguliwa na kufungwa tena, nadhani posta waliona unga mweupe wakashtuka. Mimi mwenyewe nilishtuka. Baba mdogo aliuzunguka mara mbili akauliza kama ni sumu ya panya, nikamwambia ni jengo la ghorofa. Akaniangalia kwa huruma.

Nimefanya kama ulivyosema. Nilichukua kopo la sabuni ya unga, nikalisugua mpaka likawa halina harufu kabisa, nikatia sweta na kifuko. Nimeliweka kwenye rafu juu ya meza ya pasi, pale ninapoliona. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kidogo kuangalia kama unga umeshiba. Kwa macho sikuona tofauti, ila kifuko kiliongezeka uzito kidogo kila siku, nikajua kazi inaenda. Leo nimekifunga chupani nakutumia.

Nitakwambia kitu, usinicheke. Siku ya kufunga kopo nilikaa nalo mapajani kwanza. Nilijiambia, wewe mtu mzima, unamfungia mama yako kwenye kopo la sabuni. Halafu nikasema na mwenzangu huko naye anamngojea. Nikafunga.

Uliandika "tutaona". Mama naye tulipomwomba kitu ambacho hatakinunua alisema tutaona. Sema neno lingine.

Dada yako

*

Tarehe 18 Juni

Dada,

Salamu kwa wote, na kwa Baba mdogo mwenye huruma. Mimi mzima, jirani wa tarumbeta amehama, na sikutegemea kwamba ningemkumbuka.

Chupa nimeipata. Nilisubiri wenzangu watoke kula, nikakaa kwenye meza yangu, nikafungua, nikanusa. Hakuna. Nikaupasha moto, nikaunganisha na ile mashine inayotuambia kilichotoka ni nini. Maji, Dada. Maji matupu. Mwenzangu wa meza ya pili aliporudi akaangalia kioo cha mashine akauliza, "Nani kauogesha unga?"

Usijilaumu hata kidogo, kosa ni langu. Unga huu una kiu, na maji ni madogo, yanapita mlango wowote. Umeliweka kopo juu ya meza ya pasi, katikati ya mvuke wa mashuka ya hoteli, na kila ulipofungua kuchungulia maji yakaingia na kukalia kila chumba. Harufu ya Mama, hata kama ilifika, ilikuta nyumba imejaa. Ule uzito uliousikia ulikuwa mvuke wako wa pasi. Nimesoma kote huku, nikasahau kwamba nyumba ya dada yangu ni nyumba ya dobi.

Nakutumia chupa nyingine, ni ya mwisho ninayoweza kuchukua. Safari hii kopo likae chumbani kwako, mbali na pasi, na usifungue. Hata mara moja. Najua nakuomba kitu kigumu.

Na nina swali. Sweta yenyewe bado inanukia? Hujasema lolote kuhusu hilo tangu Februari. Ukiitoa na kuiweka usoni, Mama yupo?

Kuna jambo mkuu wa maabara ananiuliza, nitakueleza siku nyingine.

Nimekukumbuka sana, wewe na sauti yako ya kugomba.

Pua

*

Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Kuanika nguo alfajiri ni adhabu, kamba inashika vidole, lakini nina cha kuvaa, usiwe na wasiwasi. Shemeji yako alikuwa na mafua, sasa amepona na amerudi kuisumbua mashine. Koo langu linawasha, nilipita dukani nikanunua peremende za mnanaa, zinasaidia. Wanaziuza bado, nilidhani wameacha.

Sweta ipo. Umeuliza kama inanukia. Ni sufu, na sufu inashika. Haijapelekwa mahali.

Kopo lenye kifuko chako lilikaa chumbani kwangu, mbali na pasi, chini ya kitanda upande wangu. Sikufungua. Baba mdogo ni shahidi, alikuwa akiuliza kila siku kama jengo lina wapangaji. Kifuko nimekirudisha chupani, nimeifunga vizuri. Pokea ulichoomba, na kama si sawasawa na unavyokumbuka, uvumilie. Kitu kikikaa hubadilika.

Jambo gani analokuuliza mkuu wako? Ukisema "siku nyingine" mimi nalala vibaya.

Msimu wa baridi ukiisha nitapaka rangi kile chumba chako. Sijasema uje. Nimesema nitapaka rangi.

Dada yako

*

Tarehe 4 Septemba

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye salamu ili usiikunje barua. Hamjambo? Mimi sijambo, nimelia na nimecheka, na wenzangu wananipitia mbali.

Chupa imefika juzi. Nilikuwa nimepanga kuipeleka moja kwa moja kwenye mashine, nifanye kama mtu aliyesoma. Nilipozungusha kifuniko tu, kabla ya moto, kabla ya kitu chochote, limau likanirukia.

Nilisimama pale na chupa mkononi. Nikafumba macho. Limau, halafu nyuma yake wanga uliopigwa pasi ya moto, halafu ile sabuni ya mche unayoikata kwa uzi. Nikakuona umeshika kibanio mdomoni, unanisemesha na husikiki. Nikakuona wazi kabisa, Dada, mpaka alama ya pasi kwenye mkono wako wa kulia.

Baadaye niliupasha moto. Ukatoka mnanaa, mwingi sana, mpya, kama peremende zilizofunguliwa jana. Nikacheka peke yangu. Peremende za mwaka jana haziwezi kubaki na nguvu ile. Uliziweka mifukoni mwa sweta, sivyo? Usinijibu. Mafuta ya nywele hayakuwepo kabisa, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Molekuli zake ni nene, milango ya unga ule haizipitishi. Najua vipimo vya milango hiyo kuliko ninavyojua namba yangu ya simu, na sikufikiri. Mama kama ninavyomkumbuka asingeweza kuingia humo hata ungelifunga kopo miaka kumi. Nilimtaka kiasi kwamba niliacha kufanya hesabu.

Kwa hiyo najua unaivaa. Najua ni wewe unayeanika alfajiri ukiwa umeivaa, na harufu ya Mama imetoka kidogokidogo, na yako imeingia mahali pake. Ndivyo inavyokuwa. Vyumba haviwezi kubaki vinamngoja mtu mmoja, anayekuja anakaa. Hukutaka kuniambia, nami nilipouliza nilikuwa nakuweka pabaya. Nisamehe kwa kukuuliza. Ningekuwa hapo ningeivaa kabla yako.

Nitakwambia sasa jambo la mkuu. Anataka nisaini miaka mitatu mingine, nianze mara moja bila likizo. Nilikuwa naelekea kukubali. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema haya. Niliogopa kuja, Dada, siyo jaribio, siyo kibali. Nikiwa huku Mama amekufa kwenye simu tu. Nikija nitakuta kiti chake.

Juzi baada ya ile chupa nilikaa nikagundua kwamba mwaka mzima nimekuwa nikijiambia namtamani Mama, na ni kweli, namtamani. Lakini Mama hayupo mahali popote ninapoweza kwenda. Wewe upo. Unapiga pasi mashuka ya hoteli na koo linawasha, na mimi miezi yote hii nakutumia chupa.

Nimemwambia mkuu kwanza nakwenda nyumbani, mengine tutazungumza nikirudi, kama nafasi itakuwepo. Tiketi ni ya tarehe 12 Oktoba. Miwani ya Baba mdogo ipo kwenye mkoba.

Usiifue sweta. Na usiitie peremende.

Pua

*

Tarehe 27 Septemba

Pua,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Shemeji yako aliuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna mgeni. Chumba kimepakwa rangi, bado kinanuka, kwa hiyo usije ukalalamika, wewe na pua yako.

Baridi ilikuwa kali, sikuwa na sweta nyingine yenye mifuko mikubwa ya kutilia vibanio. Siku ya kwanza, kabla chupa yako ya pili haijafika, niliivaa kwa dakika chache tu, nikairudisha. Mama alikuwepo. Siku ya pili nikakaa nayo mpaka chai. Ilipofika wiki ya tatu nikaiweka usoni nikamkosa, nikapekua kwapani, shingoni, kwenye mshono, nikamkosa. Nilikaa chini pale kwenye kamba na nguo za watu zikanidondokea maji. Ningekuandikia nini?

Lakini kuna jambo wewe hulijui, ulikuwa mdogo. Ile sweta Mama aliinunua mitumbani. Vile vifungo viwili ndiyo sababu, ilikuja bila vyake. Siku aliyoileta nyumbani ilikuwa inanukia mtu mwingine kabisa, mwanamke wa mbali mwenye manukato ya maua. Nilimwambia aifue kwanza. Akasema, kuna baridi leo, akaivaa hivyohivyo akaenda kufundisha. Yule mwanamke alitunukia humu ndani kama mwezi mzima.

Basi njoo. Sijaifua. Asubuhi nitaivaa mimi nikianika, jioni utaivaa wewe. Tukifika wiki mbili uniambie inanukia nani.

Dada yako,
Bi Limau